Kibodi Moja, Kompyuta Mbili

Katika kota za polisi anaishi sajini mmoja na mkewe, mtunza hesabu wa chama cha ushirika. Kompyuta ya nyumbani ni moja. Sajini huitumia jioni. Usiku mkewe huingia kwa njia ya intaneti katika kompyuta ya chama iliyoko mjini, akafanya kazi humo kana kwamba ameketi mbele yake.

Usiku mmoja, alipokwisha kufunga hesabu za mwezi, bibi huyo alitaka kutoka katika kompyuta ya chama. Akabonyeza Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja, kama afanyavyo ofisini, akachagua kutoka. Akaonywa kwamba ipo kazi ambayo haijahifadhiwa. Hesabu zake alikuwa amekwisha kuzihifadhi, basi akalipuuza onyo. Kumbe iliyokuwa ikifungwa ni ya nyumbani, pamoja na kurasa nne za maombi ya kozi ambazo mumewe aliziacha wazi.

“Mama Neema, maombi yangu yako wapi?” aliuliza sajini alfajiri.

Hasara haikuishia hapo. Vitabu vya chama vilibaki wazi kule mjini, kwa maana mawasiliano kukatika si sawa na mtu kutoka. Programu hukaa kama zilivyoachwa.

Bibi huyo asilaumiwe mno. Picha ya kompyuta ya mbali ikijaa skrini, ile ya nyumbani haionekani. Walakini ipo, na vitufe hupitia kwake kwanza. Vile vitatu haiviachii kamwe. Mhandisi David Bradley wa IBM alivibuni ili kuiwasha upya kompyuta ya kampuni hiyo iliyotoka mwaka 1981. Windows NT ya mwaka 1993 ikavifanya hodi ya kuingilia, kwa kuwa programu ya kawaida haiwezi kuvinasa, na hivyo laghai hupata taabu kuweka skrini ya uongo ya kuombea neno la siri. Askari wa lindo ataielewa sababu hiyo upesi kuliko raia.

Kwa hiyo, katika programu ya Windows ya kufanyia kazi kwa mbali, anayetaka amri hiyo ifike upande wa pili hubonyeza Ctrl, Alt na End. Katika baadhi ya kompyuta ndogo za kubebea kitufe cha End hakipo peke yake. Hupatikana kwa kushika Fn pamoja na mshale wa kulia.

Alt na Tab navyo vina vituko vyao. Skrini ikijaa, kwa kawaida hubadilisha madirisha ya kompyuta ya mbali. Picha hiyo ikipunguzwa kuwa dirisha dogo, hubadilisha ya nyumbani. Hapo, kwa upande wa mbali, hutumika Alt na Page Up. Asiyependa mgeuko huo na achague, kabla ya kuunganisha, katika sehemu ya kibodi ya programu hiyo: vitufe vifanye kazi huku daima, kule daima, au kule skrini ijaapo tu. Hili la tatu ndilo programu huja nalo.

Sajini aliyaandika maombi yake upya usiku uliofuata. Mkewe alimsomea ile rasimu ya kalamu, ambayo kwa bahati ilikuwa haijatupwa.