Kupumzika Ni Vema, Lakini Urudi



Mara hii sitasema juu ya viatu vichafu wala juu ya kelele za usiku. Mumesha kuchoka na maneno hayo, na mimi vilevile. Ninataka kusema juu ya mutu anayejitenga na wengine. Kuna siku mutu anachoka. Hataki kuimba, hataki kusali na wenzake, anataka kukaa peke yake tu. Je, ni zambi? Wengine wetu wanajibu mbio: ndiyo, ni zambi. Wengine wanasema: mumuache, imani ni mambo ya moyo wake. Mimi ninaona pande zote mbili zinakosea. Nitawaonyesha sababu, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Kazi ya kapita munaijua. Kila magaribi, kengele ikisha kulia, ninasimama kwa mulango wa kapela na kaye ya wale wasiofika. Katika muhula wa pili, kijana mumoja wa darasa za chini alikosa sala mara tatu kwa juma moja. Niliandika jina lake mara tatu. Akapewa azabu ya kukata majani nyuma ya jiko. Mimi nilifurahi, nikawaza: sasa atajifunza. Hata nilimusomea Waebrania 10:25, ile maneno ya kutoacha kukusanyika. Nilimusomea sawa vile mutu anapiga mwenzake na fimbo.

Kisha siku mbili nikamukuta chini ya muti wa avoka, anaangalia ziwa. Nikamuuliza kwa ukali: «Unafanya nini hapa?» Akanijibu pole pole: «Yaya, koko wangu alikufa. Ni yeye alinikomalisha. Habari ilinifikia wakati walikuwa wamesha kumuzika. Ndani ya nyumba ya kulala tuko watu makumi ine. Sina fasi ya kulia.»

Wandugu, nilikosa jibu.

Usiku ule nilisoma 1 Wafalme 19. Eliya alichoka hata akaomba kufa. Mungu hakumutumia mutu wa kaye. Alimutuma malaika na mukate na maji, akamuacha alale tena, kisha akamulisha mara ya pili. Maulizo yalikuja nyuma, kule mulima Horebu. Muone utaratibu huu: kwanza usingizi na chakula, kisha maulizo. Sisi hapa tunaanza na maulizo, tena na azabu.

Lakini mutu asichukue nusu ya habari hii na kuacha nusu ingine. Eliya hakujenga nyumba kule Horebu. Mungu alimurudisha kwa njia aliyotokea. Yeye aliwaza kwamba amebaki peke yake katika Israeli yote, kumbe walikuwako watu 7000 ambao hawakumupigia Baali magoti. Tena akapewa Elisha awe mwenzake. Kukaa peke yake kulimupumzisha, lakini kulimukosesha hesabu.

Nusu hii ya pili mimi niliijifunza kwa mwili wangu. Kisha Pasaka nilishikwa na malaria, nikalala siku tano katika chumba cha wagonjwa. Homa ikaisha, nguvu ikarudi, lakini mimi sikurudi. Nilikuwa nimeonja utamu wa kimya. Niliambia watu kwamba ninapumzika na kwamba ninajitayarisha kwa Exetat. Jumapili ya kwanza ilikuwa pumziko kweli. Ya pili ilikuwa uvivu. Ya tatu ilikuwa haya, sababu niliogopa wataniuliza nilikuwa wapi. Na kaye ilikuwa kwa mukono wa musaidizi wangu. Kapita, nani atamuandika? Yule mudogo aliandikwa mara tatu kwa juma moja, mimi hata mara moja hapana.

Ndipo mwimbaji mumoja wa korali akaja kuniona na karanga ndani ya karatasi. Hakuuliza kitu. Tulikula karanga, tulicheka kidogo. Wakati wa kuondoka akasema: «Base tumebaki wawili tu, sauti haifiki. Repetisio ni kesho saa kumi na moja.» Ni hayo tu. Kesho yake nilienda.

Ninyi wa Idjwi na wa kandokando ya Ziwa Kivu munajua wavuvi wa sambaza. Wanavua usiku na taa, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja. Mwezi ukiwa mukubwa, taa haivuti samaki vizuri. Basi wanakaa inchi kavu, wanalala, wanashona nyavu. Hakuna mutu anayewaita wavivu. Lakini giza likirudi, mitumbwi inangojea watu wake wote, sababu wavu ule hauinuliwi na mutu mumoja.

Bwana wetu vilevile. Katika Marko 6 anawaita wanafunzi wake wapumzike fasi ya pekee. Kisha kulisha watu wengi, anapanda mulimani peke yake kuomba. Lakini kutoka kule aliwaona wenzake wanateseka na makasia, upepo ukiwapinga, na alikuja kwao usiku ule ule. Kwenda peke yake hakukumufunga macho juu yao.

Basi ninaomba mambo matatu. La kwanza: jina la mutu aliyekosa sala lisipelekwe kwa nidhamu mbele mwenzake mumoja hajaenda kumuona. Mumoja tu, si kundi zima. Kundi linafanana na tribinali. La pili: anayetaka kupumzika amuambie rafiki mumoja, na amuambie vilevile siku atakayorudi. La tatu: Jumamosi, salongo ikiisha, kapela ibaki wazi na kimya mpaka saa kumi na moja, ili mwenye kutaka kulia ao kuomba peke yake apate fasi. Nimesha kupeleka maombi haya kwa wakubwa wa shule. Ninangojea jibu.

Na sisi wa darasa la mwisho, tujihazari. Exetat ikiisha hakuna kengele tena. Tunajua wakubwa wetu waliotoka hapa wakisema: tumesali sana kwa interna, sasa tunapumzika. Wengine wanapumzika miaka mingi sasa. Mwenye kwenda nyumbani, apumzike, alale mpaka asubui kubwa, mama amupikie sombe. Lakini achague tangu sasa Jumapili atakayoingia kanisani kwao.

Yule kijana nilimuomba musamaha. Sasa anakuja Jumapili, anakaa karibu na mulango. Sijui kama atabaki. Jina lake silisemi, na ninyi musilitafute. Mukimuona mutu kwa benchi la nyuma, musigeuke kumuangalia. Mumusogezee fasi tu.

Ni mimi ndugu yenu,
Kapita wa interna, darasa la mwisho