Sindano Nyuma ya Dispensari

Wako Wakristu wanaosema: "Sheria za taka ni maneno ya Serikali, dispensari ya Misioni inaongozwa na mapendo." Sisi tunakataa. Mapendo gani hayo, kutupa sindano zenye damu nyuma ya nyumba, mahali watoto wanapochezea?

Tukumbuke Yambuku, mwaka 1976. Ilikuwa hospitali ya Misioni, yenye masista wa moyo mwema. Sindano tano zilitosha asubuhi nzima, zikisuuzwa tu kwa maji ya vuguvugu. Ebola ikapata njia humo. Wakaugua watu 318 hospitalini na vijijini, wakafa 280. Leo sindano ni ya mara moja, vema. Lakini baada ya mara ile moja inakwenda wapi?

Sheria ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira inamtwika mzigo kila mwenye taka, hata za uganga, awe wa Serikali au asiwe. Basi nasi tumo. Sindano isirudishiwe kifuniko. Iingie papo hapo katika sanduku gumu. Likijaa robo tatu lifungwe, lichomwe, majivu yafukiwe katika shimo lenye uzio.

"Fedha hakuna!" Kwa bia ya sikukuu ya paroki zinapatikana. Na uzio ni miti na misumari tu, kazi ya Jumamosi moja.