Miche ndani ya nyumba: funika, kisha funua



Mvua ya mwezi wa tisa ikianza hapa Bukavu, wengi wetu tunapanda mbegu za nyanya ndani ya mikebe, karibu na dirisha, ili kuku wasizichakure na mvua kali isizichukue. Ni akili nzuri. Lakini kila msimu swali ni lile lile: "Mwalimu, miche iliota vizuri, asubuhi nikaikuta imelala chini. Ilikosa maji?"

Hapana mama, mara nyingi ilizidishiwa. Tazama shina pale linapogusa udongo. Likiwa jembamba kama uzi, laini na jeusi, ni ugonjwa wa kuoza shina. Unaletwa na kuvu wanaoishi ndani ya udongo, na wanapenda udongo uliolowa na hewa iliyofungwa. Mche ulioanguka hivyo hauponi. Mbegu zinanunuliwa kwa pesa ya nyumba, na msimu haungoji mtu.

Jambo la kushika ni hili: mbegu na mche havihitaji unyevu sawa.

Kabla ya kuota, mbegu inataka unyevu usiokatika. Funika mkebe kwa sasheti inayopitisha mwanga. Nyumba ikiwa na joto la kutosha, nyanya inaota kati ya siku 5 na 10.

Baada ya kuota, mche unataka hewa. Ukiona shingo za kwanza zimetokea, anza kufunua: siku ya kwanza saa mbili, ya pili nusu siku, ya tatu au ya nne toa sasheti kabisa. Ukiiondoa kwa mara moja, majani machanga yanaweza kunyauka. Ukiiacha wiki nzima, kuvu watakushukuru.

Kuhusu maji:
- Mwagilia asubuhi, si jioni. Udongo usilale umelowa.
- Gusa kwanza kwa kidole. Ukiwa bado na unyevu, acha.
- Toboa mikebe chini, kisha isimamishe ndani ya beseni lenye maji kidogo. Udongo wa juu ukibadilika rangi, itoe. Hivyo shina halilowi.
- Miche ikibanana, punguza kwa mkasi, hewa ipite.

Mche mmoja ukianguka, utoe pamoja na udongo wake, fungua dirisha, na usimwagilie mpaka udongo wa juu ukauke. Udongo huo usiutumie tena kwa mbegu kabla ya kuumwagia maji yanayochemka na kuuacha upoe.

Hewa kavu nayo ina hasara, hasa kiangazi cha mwezi wa sita hadi wa nane. Ncha za majani zikikauka ingawa udongo una unyevu, sogeza mikebe mbali na mbabula, uweke karibu yake sahani pana ya maji. Usimwage maji zaidi kwenye udongo.

Kwa vikundi: wekeni zamu, mtu mmoja kwa siku. Wawili wakimwagilia bila kuambiana, miche inazama. Watoto wa shule wanaweza kuandika kwenye daftari siku ya kupanda, ya kuota na ya kumwagilia. Hesabu hiyo itawasaidia msimu ujao.

Wiki 4 hadi 6 baada ya kuota, miche itakuwa tayari kwa shamba. Tutazungumza kuihamisha juma lijalo.

Mwalimu wenu