Akiba ya Wingu Huoza Isipojaribiwa

Mwezi Mei mwaka 2024 wananchi wa Kisiwa cha Mafia walipata mitihani miwili katika muda wa siku nane. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilifika kisiwani. Tarehe 12 mikongo miwili ya mawasiliano iliyolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu, na Tanzania pamoja na baadhi ya majirani zake ikabaki na intaneti ya kusuasua. Mtihani wa kwanza ulionekana kwa macho, kwani ulikuja na upepo, mvua na mawimbi. Wa pili haukuonekana, lakini kwa mtumishi wa serikali ulikuwa na maana ya pekee, kwa sababu siku hizi sehemu kubwa ya kazi yake imo ndani ya seva ambayo hajapata kuiona.

Zamani jalada lilikaa masjala. Karani aliijua rafu yake, na maadui wa jalada hilo walijulikana: mchwa, moto, na katika kisiwa kama Mafia, unyevu wa bahari. Leo mwalimu wa Kirongwe hupimwa utendaji wake kwa mfumo wa PEPMIS, takwimu za zahanati huingia katika mfumo wa DHIS2, na ada za serikali hulipwa kwa namba inayotolewa na mashine. Hayo ni maendeleo, na hakuna mwenye akili timamu atakayetaka kurudi kwenye rafu zilizoliwa na mchwa. Hata hivyo liko swali ambalo aghalabu haliulizwi mpaka siku ya maafa: kanzidata ikiharibika, nani atairejesha, itachukua muda gani, na je, kuna aliyewahi kujaribu kuirejesha?

Jibu linalosikika maofisini ni fupi: taarifa zote zimehifadhiwa kwenye wingu. Jina hilo lisimpumbaze mtu. Wingu ni jengo lenye seva, umeme, mitambo ya kupooza joto na walinzi mlangoni. Tofauti yake na chumba cha kompyuta cha halmashauri ni kwamba jengo hilo ni mali ya mtu mwingine, na mara nyingi liko katika nchi nyingine. Jengo huweza kuungua. Tarehe 26 Septemba 2025 moto ulioanzia kwenye betri ulizuka katika kituo cha kompyuta cha serikali ya Korea ya Kusini mjini Daejeon. Mifumo zaidi ya 600 ya serikali ilisimama. Miongoni mwake ulikuwamo mmoja ulioitwa G-Drive, ambamo watumishi wa umma walitunza nyaraka zao za kazi. Terabaiti 858 za nyaraka hizo ziliteketea. Mfumo huo haukuwa na nakala mahali pengine, na sababu iliyotolewa ni kwamba ulikuwa mkubwa mno kunakiliwa. Nchi hiyo ni miongoni mwa zinazoongoza duniani kwa ufundi wa kompyuta. Haikupungukiwa na wataalamu wala na mitambo.

Kosa linaloenea zaidi ni kuchanganya nakala za kazi na nakala ya akiba. Kanzidata kubwa za leo hazikai katika seva moja. Taarifa hugawanywa katika kundi la seva, na aghalabu kila fungu huandikwa katika seva tatu mbalimbali. Mfano wake ni ofisi yenye makarani sita waliogawana daftari la walipa kodi: kila karani anashika sehemu yake, na papo hapo amenakili sehemu za wenzake wawili. Karani mmoja akiugua, kazi haisimami. Hapo ndipo wengi hudhani kwamba wamekwisha jiwekea akiba. La hasha. Mkuu wa ofisi akiamuru kwa makosa kwamba ukurasa fulani ufutwe, makarani wote watatu walio nao wataufuta kwa utii ule ule, na baada ya nukta chache ukurasa huo hautakuwapo popote. Nakala za namna hiyo humlinda mtu na kifo cha mashine. Hazimlindi na kosa la binadamu, wala na mwizi aliyekwisha pata ufunguo.

Mwezi ule ule wa Mei 2024 jambo hilo lilithibitika huko Australia. UniSuper, mfuko wa pensheni wenye asili yake katika vyuo vikuu vya nchi hiyo na wenye wanachama zaidi ya 600,000, ulikuwa umeweka taarifa zake katika wingu la kampuni ya Google, tena katika maeneo mawili tofauti ili moja likianguka jingine lishike. Kosa la upangaji lililofanyika upande wa Google likafuta huduma ya wingu ya mfuko huo katika maeneo yote mawili kwa pamoja. Kwa siku kadhaa wanachama hawakuweza kuona akaunti zao. Kilichosaidia kuziokoa taarifa za pensheni za wahadhiri na watumishi wale ni uamuzi wa busara uliokuwa umefanywa mapema, wa kuweka nakala ya akiba kwa kampuni nyingine kabisa, ambako amri ile ya kufuta haikuweza kufika.

Kuwa na nakala mbali ni hatua moja. Kujua kuwa nakala hiyo inafaa ni hatua nyingine. Tarehe 31 Januari 2017 fundi wa kampuni ya GitLab, akiwa amechoka usiku, alifuta data katika seva isiyo yake. Kampuni ilikuwa na njia tano za kujiwekea akiba, lakini saa ya shida hakuna iliyofanya kazi ipasavyo. Ghala la wingu lililopaswa kuwa na nakala za kila siku lilikutwa tupu, kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa ikishindwa kila mara, na barua za kutoa tahadhari zilikuwa zikikataliwa njiani. Iliyowaokoa ni nakala ambayo fundi mmoja alikuwa ameichukua saa sita kabla, kwa shughuli nyingine. Kazi ya saa hizo sita ilipotea. Wahenga walisema akiba haiozi, nao walikuwa wakisema juu ya nafaka na fedha. Akiba ya kompyuta huoza, tena huoza kimya kimya, bila harufu.

Watumishi wasiokuwa mafundi nao yafaa waelewe kwa nini urejeshaji ni kazi nzito. Mafundi wanapoinua upya kundi la seva kutoka kwenye ghala la wingu, jambo la kwanza wanalohitaji ni ramani inayoonyesha seva ipi ilishika fungu lipi. Kama kundi la zamani lilikuwa na seva sita na jipya lina nne, mafungu yote hayana budi kugawanywa upya. Pili, ni lazima nakala za seva zote zilingane kwa saa, ama sivyo mshahara utaonekana umelipwa kwa mtumishi ambaye upande wa pili bado hajaajiriwa. Tatu, huhitajika shajara ya mabadiliko yaliyofanyika baada ya nakala kuchukuliwa, ili kazi irudiwe hatua kwa hatua mpaka karibu na dakika ya kosa. Na kwa kuwa nakala hufungwa kwa siri ili asiyehusika asiisome, funguo zake ziwe mahali pengine. Kuziacha katika mfumo ule ule ulioharibika ni sawa na kufungia ufunguo wa akiba ndani ya nyumba.

Kuna pia hesabu ya njia. Terabaiti moja ya taarifa, ikipita katika njia ya megabiti 10 kwa sekunde, huhitaji zaidi ya siku 9 kufika, hata kama njia haikatiki na haina mtumiaji mwingine. Kwa megabiti 100 huhitaji saa 22 hivi. Kwa ofisi iliyoko kisiwani, ambayo mawasiliano yake na dunia hupitia bara, hesabu hiyo ndiyo tofauti kati ya hospitali inayoendelea na kazi na hospitali inayoandika wagonjwa kwenye karatasi kwa wiki nzima. Na iwapo nakala pekee iko ng'ambo, siku mikongo inapokatika kama ilivyokatika Mei 2024, akiba itakuwapo lakini haitafikika.

Mafia haikosi somo lake yenyewe katika jambo hili. Katika Kisiwa cha Juani yako magofu ya Kua, mji ulioshambuliwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Habari za mji huo sehemu kubwa zimebaki katika mawe yake na masimulizi ya wazee. Tarehe ya Kilwa, ambayo inaitaja Mafia, ilipata bahati zaidi. Maandishi yake ya asili yamepotea, lakini João de Barros, mwandishi wa Kireno, alichapisha muhtasari wake mwaka 1552, na nakala ya Kiarabu iliyoandikwa Unguja mwaka 1877 inatunzwa London hadi leo. Nakala mbili, zilizokaa mbalimbali, ziliishi baada ya asili yake kufa. Lakini hazilingani katika baadhi ya majina na mfuatano wa masultani, na wanahistoria wametumia miaka mingi wakijaribu kuzipatanisha. Ni tatizo lile lile la mafundi wa kanzidata, ila mafundi wanatakiwa kulimaliza kabla wagonjwa hawajajaa mlangoni.

Wapo watakaosema kuwa haya ni mambo ya wataalamu wa makao makuu, na kwamba wilaya ndogo ya kisiwani haina cha kuamua. Wataalamu kweli ndio watakaofanya kazi ya mikono. Lakini yapo maswali mawili ambayo si ya fundi kuyajibu. Ofisi iko tayari kupoteza kazi ya muda gani? Nayo iko tayari kusimama kwa muda gani? Ofisi inayonakili taarifa zake mara moja kila usiku imekwisha kubali, ijapokuwa haikutamka, kwamba kazi ya siku nzima inaweza kupotea. Huenda hilo likavumilika kwa orodha ya madawati. Kwa rekodi ya mama aliyesafirishwa kwa boti kutoka Jibondo kwenda kujifungua Kilindoni, halivumiliki. Anayejua tofauti hiyo ni mganga na mwalimu, naye asipoulizwa hana budi kusema.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Haitoshi kuzilinda na macho ya wageni tu, kwani mwalimu ambaye rekodi zake za utumishi zimefutika amedhulumiwa kama yule ambaye siri zake zimeibwa. Kwa hiyo yafaa kila mfumo wa umma uwe na nakala moja ndani ya nchi na nyingine mbali nayo. Mwenye mamlaka ya kufuta taarifa asiwe na mamlaka ya kufuta akiba. Na angalau mara moja kwa mwaka nakala irejeshwe katika seva tupu, muda upimwe kwa saa, na matokeo yasomwe mbele ya wakuu wa idara kama inavyosomwa taarifa ya mapato na matumizi. Zoezi hilo lina gharama ya siku chache za kazi na seva za kukodi. Kisiwa ambacho mabaharia wake hukagua tanga na kamba kabla ya kung'oa nanga hakitashangaa kuambiwa kwamba seva nazo zikaguliwe kungali shwari.