Risasi tatu hazitoshi kuhukumu bunduki

Mwandishi aliyedai kuwa bunduki za bei nafuu za kuwindia hazina shabaha ametuletea ushahidi wa risasi tatu. Tatu! Hizo hukaribiana au kutawanyika kwa bahati tu. Angefyatua kumi, tena kwa aina mbili tatu za risasi, tungekuwa na la kujadili.

Tena unafuu wenyewe hauui shabaha. Kampuni ya Savage ya Marekani ilitoa bunduki yake ya modeli 110 mwaka 1958, mtutu ukikazwa kwa nati: njia rahisi, nafuu, na chemba bado hupimwa sawasawa. Bunduki ya Ruger American nayo hukalia vipande vya chuma vilivyopachikwa kitakoni. Naam, plastiki ya vitako vya bunduki hizi ni nyepesi mno na boliti hukwaruza. Alalamikie hayo, suala la shabaha aliache mpaka afyatue upya.