Teksi ya nini wakati daladala zipo?

Mwandishi hongera, ila hapo uliposhauri mgeni akodi teksi siku nzima sikubaliani nawe. Mimi mkazi wa Igogo, Mwanza. Apande mjini daladala ya kwenda Nyegezi, akae dirisha la kulia. Barabara ya Kenyatta itamwonyesha ziwa kwa nauli ya kawaida. Mlimani kwetu teksi yenyewe haifiki: bodaboda inakushusha chini ya mawe, unamalizia kwa miguu, ukimpisha mama mwenye ndoo ya dagaa kichwani. Na wewe mchangiaji unayesema vivuko vimekwisha tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, lile liko mbali kusini. Kivuko cha Kamanga kinaondokea hapahapa mjini. Na nauli ya daladala muulizeni abiria, siyo mpiga debe!