Kijani si Ushahidi

Si kila kilichoota majini ni dalili ya uzima. Gugumaji lililotanda Ziwa Victoria lilikuwa kijani kibichi, tena lenye maua ya kupendeza, na chini yake maji yakapungukiwa hewa. Hata hivyo, katika ripoti zetu za ardhioevu bado nakutana na sentensi ile ile iliyochakaa: uoto ni mzuri. Mzuri kwa kipimo gani?

Tuchukue Ihefu, katika bonde la Usangu. Tangu miaka ya 1990 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi. Mwaka 2006 wafugaji na mifugo yao wakaondolewa. Mwaka 2008 eneo likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Lawama ilitangulizwa kwa ng'ombe. Mifereji ya mashamba ya mpunga, inayochota maji kabla hayajafika Ihefu, ilitajwa kwa sauti ya chini. Sisemi ng'ombe hana madhara. Nasema madhara ya kwato na madhara ya kunyimwa maji hayafanani, na mimea ndiyo ingetusaidia kuyatenganisha.

Samaki huhama, ndege huruka, na chupa ya maji hueleza siku ilipojazwa tu. Mmea umefungwa mahali pake; hubeba kumbukumbu ya misimu. Maji yakipungua mwaka hadi mwaka, mafunjo hurudi nyuma na nyasi za nchi kavu husogea kutoka ukingoni kuelekea kati. Malisho yakizidi ilhali maji yapo, nyasi zinazopendwa na mifugo hupungua na zisizolika huongezeka. Mtu mwenye kamba, fremu ya mita moja ya mraba na daftari aweza kuyaona haya, mradi arudi vituo vile vile, masika na kiangazi, kwa miaka kadhaa. Anayefika Aprili kwa gari la ofisi, akapiga picha, akala mchana na kuondoka, huyo amekagua mvua.

Na wale wafugaji walizijua nyasi hizo kwa majina. Walipotimuliwa, ujuzi huo uliondoka pamoja nao.

Ndugu zangu mlio maofisini, mnaoandaa tathmini zijazo: kabla hamjamhamisha mtu mwingine, wekeni hadharani orodha ya mimea, kituo kwa kituo, mwaka kwa mwaka, ili hata mwanafunzi wa mwaka wa pili aweze kuikosoa.